TV ya barazani kwenye hewa yenye unyevu: usihangaike na mvua, hangaika na hewa

Mtu akitaka kuweka TV barazani swali lake la kwanza huwa ni mvua. Si kuna paa bana, maji hayafiki, sasa shida iko wapi? Afu anaenda kununua TV nzuri ya sebuleni, anaipiga ukutani nje, na kweli maji hayafiki, mwezi wa kwanza freshi, wa pili freshi, wa tano bado anatamba kwa majirani, mpaka siku moja anawasha anakuta mistari ya wima upande mmoja wa kioo, au sauti ipo picha hamna, au haiwaki mpaka uichomoe na kuichomeka mara tatu nne. Fundi akiifungua haoni tone la maji hata moja. Anachokiona ni kutu ya kijanikijani kwenye vimiguu vya vyuma vya bodi, na zile kebo bapa zinazopeleka picha kwenye kioo ncha zake zimeshakuwa nyeusi. Yangu ya kwanza ilikufa hivyohivyo, haikufikisha mwaka, na haikuwahi kunyeshewa hata siku moja.

Kwaiyo hapa naongelea kuchagua TV ya baraza lenye paa sehemu ambazo hewa ni nzito muda mwingi wa mwaka, na msimamo wangu nautoa mapema usije ukasoma mpaka chini ukanuna. Kama hewa yako ni mbaya kweli, nunua TV iliyotengenezwa kukaa nje. Kama ni ya wastani, nunua ya kawaida ya bei ndogo ukijua kabisa kwamba ni ya kutumika na kufa. Ila ile ya katikati, TV ya sebuleni ya bei kubwa unayoitoa nje ukitegemea idumu miaka saba, hiyo ndo hasara yenyewe.

Hewa inaiuaje TV? Toa chupa ya maji kwenye friji uiweke mezani nje, baada ya dakika chache inatoka jasho. Siyo maji ya ndani yanayovuja, ni mvuke wa hewani umegusa kitu cha baridi ukageuka maji. TV yako inafanya hivyohivyo ila taratibu na usiku ukiwa umelala. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kugeuka maji ikigusa kitu chenye nyuzi 26 hivi, yaani tofauti ya nyuzi nne tu, na TV iliyozimwa haina joto lolote la maana, nyingi za siku hizi zikiwa standibai zinakula chini ya wati moja, joto hilo halipashi hata kidole. Muda mbaya kuliko wote ni alfajiri mpaka jua linapochomoza, hewa inaanza kupata joto na mvuke haraka wakati ukuta na mgongo wa TV bado una ubaridi wa usiku. Na hilo jasho halikai nje tu, TV ya kawaida ina matundu mgongoni ili ipumue, kwaiyo hewa ileile inaingia ndani na jasho linatua juu ya bodi.

Maji peke yake yangekauka yakaisha. Shida ni maji yakikutana na vumbi, hapo yanaanza kupitisha umeme kidogokidogo mahali ambapo haukutakiwa kupita, afu madini ya kwenye bodi yanahama taratibu kutoka njia moja kwenda ya jirani, yanaota vijimizi vyembamba kuliko unywele, siku vikigusana ndo unapata ile shoti ambayo hata fundi anakuna kichwa. Ukiwa karibu na bahari ni balaa zaidi maana chumvi ina tabia yake, unyevu ukivuka asilimia 75 hivi inavuta maji hewani yenyewe mpaka inalowa, haisubiri jasho la alfajiri. Vumbi la chumvi likishatua ndani ya TV basi kila usiku linalowa, mchana linakauka, usiku linalowa tena.

Hiyo tabia ya chumvi ndo kipimo changu cha bure kabla sijamshauri mtu chochote. Chukua kisosi, weka chumvi laini ya mezani kidogo, kiweke palepale TV itakapokaa (siyo chini sakafuni, juu kwenye usawa wa TV), kiache kuanzia jioni mpaka asubuhi, rudia siku tano sita za msimu wa unyevu. Ukikuta chumvi imelowa au imeshikana kama udongo kila asubuhi, hewa yako inavuka kile kiwango karibu kila usiku. Ukikuta kavu siku nyingi, una bahati. Chumvi ya mawe isiyosafishwa usiitumie maana hiyo inalowa mapema zaidi, itakudanganya. Ukitaka namba kamili nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, uwe unakiangalia saa kumi na moja alfajiri badala ya saa nane mchana kama watu wengi wanavyofanya, mchana kitakuonyesha asilimia 60 ukajiona uko salama.

Afu fungua kitabu cha TV unayoitamani, kurasa za mwisho kabisa ambazo hakuna mtu anazisoma. TV nyingi za ndani zimeandikwa mazingira ya kufanyia kazi ni joto mpaka nyuzi 40 na unyevu usiozidi asilimia 80, tena bila kutoka jasho. Linganisha na ulichopima. Kama usiku hewa yako inafika 90, kampuni imeshakwambia kimaandishi kwamba hapo siyo mahali pake, na waranti nayo itasema hivyohivyo siku ukipeleka, maana ukisoma masharti utakuta TV za ndani nyingi zikitumika nje waranti inakufa, paa liwepo lisiwepo.

Sasa mwanga. Hapa watu wanapigwa sana kwa sababu dukani TV inawaka kama moto, ukiifikisha nje saa nane mchana inakuwa kama dirisha chafu. Chumba cha ndani kina mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga unaotua mahali) mia kadhaa tu, nje kivulini mchana unaweza kukuta 10,000 na zaidi, jua lenyewe linapiga 100,000 hivi. Ung'aavu wa kioo unapimwa kwa niti, TV za kawaida za sebuleni ziko 250 mpaka 400 hivi, kwa baraza lenye paa refu na kivuli cha kweli tafuta 500 mpaka 700, kama mwanga wa pembeni unaingia sana anza 1,000, na kama jua linafika kwenye kioo chenyewe unaongelea 1,500 kwenda 2,000 na zaidi, hizo ni mashine za jamii nyingine kabisa. Angalia pia namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kitu gani, mara nyingi wanaandika kilele, yaani sehemu ndogo ya kioo kwa sekunde chache, wakati wewe unachotaka ni ung'aavu wa kioo kizima unaodumu mechi nzima.

Ila kabla hujalipia niti jiulize swali la kawaida tu, utaangalia saa ngapi? Wengi wetu baraza ni la jioni kwenda usiku. Giza likishaingia TV ya niti 300 inatosha sana, hata inabidi uipunguze isiumize macho, na pesa ya niti 1,000 ungeiweka kwenye kitu kingine. Mi naona watu wengi wanalipia jua ambalo hawaangaliagi TV likiwepo.

Kipimo cha mwanga nacho ni cha bure. Mwambie mtu ashike kioo cha kujitazamia pale TV itakapokaa, we kaa kwenye kiti chako, unachokiona ndani ya hicho kioo ndicho utakachokiona juu ya picha yako. Ukiona anga au bustani inayong'aa, hapo hata TV ya bei gani itakusumbua. Ukiona sakafu au dari yenye kivuli, safi. Fanya hivyo asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni. Jua la saa sita sehemu za joto linakuwa juu kabisa kwaiyo paa linalikata, linaloingia barazani ni la asubuhi na la jioni likiwa limeshuka, ndo maana TV inayotazama magharibi huwa inapigwa usoni kila jioni. Ielekeze kaskazini au kusini kama ukuta unaruhusu. Na kuiinamisha mbele nyuzi tano mpaka kumi na tano kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, mng'ao wa anga unaondoka unabaki wa sakafu.

Jua likitua kwenye kioo moja kwa moja kuna madhara mengine pia, kioo cha LCD cha kawaida kikichemka sana kinatoa mabaka meusi katikati kwa sababu ile kemikali ya ndani inapoteza mpangilio wake kwa joto. Mara nyingi yanapotea kikipoa, ila ukirudia kila siku mwisho hayapotei.

Kuhusu aina ya kioo sina maneno mengi. OLED, ile ambayo kila nukta ya kioo inawaka yenyewe, usiitoe nje. Picha yake usiku ni tamu sijakataa, lakini malighafi yake ndani ni ya kaboni, haipatani na unyevu, wala na joto la muda mrefu, imefungwa vizuri kiwandani ndiyo, ila mi sioni sababu ya kwenda kuijaribu. Chukua LCD ya LED, yaani inayomulikwa na taa kwa nyuma. Kati ya VA na IPS, ambazo ni aina mbili za vioo vya LCD, barazani mi nachukua IPS au inayofanana nayo, watu wanakaa kila pembe, mwingine yuko pembeni kabisa kwenye ngazi, VA ukiiangalia pembeni rangi zinafifia, na ile faida yake ya weusi mzito inaliwa na mwanga wa nje. Kioo kisichong'aa pia ni bora kuliko kile kama maji.

Haya, tuseme umepima na chumvi inalowa kila siku, au bahari unaisikia ukiwa kitandani. Hapo nunua TV ya nje ya kweli. Samsung wana The Terrace, ilitoka 2020 ikiwa na kinga ya IP55 (alama ya kuzuia vumbi na maji, naieleza hapo chini). SunBriteTV wana Veranda ambayo ni ya kivuli kamili, na Furrion wana Aurora wanayoigawa kwa matoleo ya kivuli kamili, jua kiasi na jua kamili. Hayo majina ya kivuli na jua yanaongelea ung'aavu na joto, hayakwambii lolote kuhusu unyevu, kwaiyo mtu wa barazani asikimbilie toleo la jua kamili akidhani ndo gumu zaidi.

Na hizo herufi za IP nazo zinachanganya. Namba ya kwanza ni vumbi, inaanzia 0 kwenda 6, ya pili ni maji. IP54 inavumilia maji ya kurukiwa kutoka kila upande, IP55 inavumilia maji ya kurushwa na mpira, IP65 vumbi haliingii kabisa. Sawa, ila kipimo chenyewe cha maji cha namba 5 ni cha dakika chache, hata tatu zinatosha. Hakuna aliyeiweka hiyo TV kwenye hewa ya asilimia 90 miaka mitatu akaangalia bodi ilivyo. Halafu boksi lililofungwa nalo linapumua, likipata joto hewa ya ndani inatanuka inatoka, likipoa linavuta hewa ya nje na mvuke wake kupitia kwenye gasketi (ule mpira wa kuziba maungio), ikishaingia haina njia rahisi ya kutoka. Kwaiyo usiishie kwenye IP. Muulize muuzaji kama bodi zimepakwa ile rangi ya kinga inayofunika saketi nzima, kama kuna kijitundu chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, kiwango cha unyevu kilichoandikwa kwenye kitabu ni asilimia ngapi, kwenye mlango wa sehemu ya waya kuna gasketi au ni kifuniko cha plastiki tu, bolti za mgongoni ni za chuma gani, na waranti inasemaje kuhusu kutu na hewa ya bahari, kuna ambazo ni za nje na bado zinakataa madai ya chumvi. Muuzaji akikujibu "hii ni wotaprufu bosi" kila swali, ondoka. Na uliza kuhusu rimoti, maana nimeona TV ya gharama inayostahimili kila kitu imekuja na rimoti ya kawaida kabisa, rimoti ikafa kwanza.

Kama chumvi yako inalowa siku mojamoja na uko mbali na bahari, njia ya TV ya kawaida ya bei ndogo siyo ya aibu hata kidogo. Hesabu yake ni nyepesi, gawa bei ya TV ya nje kwa bei ya ile ndogo, ukipata nne maana yake unaweza kuua tatu na bado hujapata hasara, ongezea tu usumbufu wa kubadilisha na kutupa. Chagua nyepesi maana utaishusha mara nyingi, usilipie mambo ya smati ya kisasa, weka kijiti cha smati cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI ambacho unaweza kukichomoa ukakilaza ndani. Matundu mgongoni angalia yako wapi, yakiwa upande wa juu kabisa yanapokea kila kinachodondoka darini, yaliyo katikati au chini ni afadhali. Na usiinunue TV ya aina hii kwa mkopo, utakuja kulipia kitu kilichokufa.

Kuna wanaosema nitaiweka kwenye kimeza cha magurudumu niitoe jioni niirudishe ndani. Inafanya kazi vizuri ikiwa ndani hakuna kiyoyozi. Kama kipo, unaichukua TV ya nyuzi 22 unaiingiza ghafla kwenye hewa ya nyuzi 30 iliyojaa mvuke, ni ileile chupa ya friji, inatoka jasho ndani na nje palepale, na we unaichomeka muda huohuo mechi inaanza. Itoe saa nzima au mbili kabla, iache ipate joto la nje ndo uichomeke. Watu hawasubirigi, ndo maana hii njia imeua TV nyingi kuliko inavyostahili.

Makabati na maboksi ya kufunika TV ya kawaida siyapendi sana. Ukiziba kabisa, TV ya inchi 55 inayokula wati 80 mpaka 150 inajipika yenyewe, ukiweka feni ndo umeweka mashine ya kuingiza unyevu. Vile vipakti vya silika jeli wanavyotupia ndani vinashiba siku chache tu kwenye hewa nzito, baada ya hapo ni mapambo, labda uwe mtu wa kuvitoa na kuvikausha kwenye oveni kila wiki, na sijawahi kumuona mtu huyo. Boksi lenye maana ni lile lenye kipasha joto kidogo ndani kinachowaka TV ikizimwa, kama watu wanavyoweka taa kwenye kabati la nguo zisishike ukungu, kazi yake siyo kukausha hewa, ni kufanya vyuma viwe na joto lililozidi kidogo la hewa inayovizunguka, basi jasho halitoki. Kifuniko cha nguo kiwe kinapumua na kiwe wazi chini. Nailoni inayobana kila upande inafungia unyevu ndani, bora uache wazi. Na usifunike TV ikiwa bado ya moto.

Ukutani sasa, hapa pana kosa moja ambalo halisemwi. Usiipige TV kwenye ukuta ambao upande wa pili ni chumba cha kiyoyozi. Ule ukuta usiku kucha ni wa baridi, unatoka jasho, na mgongo wa TV umeuegemea. Kama huna ukuta mwingine tumia braketi inayoiacha TV mbali na ukuta, sentimita kumi au zaidi hewa ipite, na kwa kweli nafasi hiyo iwepo kwenye ukuta wowote ule. Braketi yenyewe iwe ya alumini iliyopakwa rangi ya unga au chuma kisichoshika kutu, karibu na bahari omba gredi 316 siyo 304, na bolti ziwe za chuma kilekile maana bolti ya chuma kimoja kwenye braketi ya chuma kingine, vikilowa chumvi vinalana. Pima matundu ya mgongoni kabla hujanunua braketi, 200 kwa 200 au 400 kwa 400 milimita ndo ya kawaida kwa saizi nyingi. Kabla ya kutoboa subiri mvua ya upepo, gundisha karatasi pale ukutani na gundi ya karatasi, mvua ikiisha kaangalie. Paa linadanganya, mvua ikilazwa na upepo maji yanaingia mpaka katikati ya baraza.

Umeme usifanye mwenyewe kama siyo kazi yako. Mwambie fundi unataka ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30 au chini ya hapo kulingana na taratibu za mahali ulipo, soketi ya nje yenye kifuniko kinachofunga hata plagi ikiwa imechomekwa, na kinga ya radi. Waya wowote unaoingia kwenye TV ushuke chini kwanza halafu ndo upande juu, ili maji yanayotembea juu ya waya yadondokee pale kwenye mkunjo yasifike kwenye tundu. Matundu ya HDMI na USB usiyoyatumia yazibe kwa vizibo vya mpira, nyigu wanapenda sana kujenga mle, na mjusi kafiri naye anapenda joto la TV akiingia mgongoni akagusa pasipomhusu wanakufa wote yeye na bodi. Usizibe matundu ya hewa kwa wavu mzito kumkomesha, TV itachemka, wavu mwembamba sana unaousafisha kila mwezi unatosha.

Saizi, chukua umbali wa kiti mpaka ukutani gawa kwa 1.6, ndo kipimo cha kona mpaka kona kinachojaza macho vizuri, mita 2.6 inakupa inchi 65 hivi, ukiona ni kubwa shuka kidogo hakuna atakayekushtaki. Sauti ya TV nje inapotea kwa sababu hakuna kuta za kuirudisha, weka bajeti ya spika ya nje yenye IP yake. Intaneti ipime na simu ukiwa umesimama pale ukutani, ukuta mnene unaua wimbi la Wi-Fi la gigahezi 5 haraka kuliko la 2.4, kama inakwamakwama vuta waya.

Ikishapigwa ukutani, TV ya barazani inataka kuwashwa. Ile inayotumika kila jioni inadumu kuliko iliyoachwa wiki tatu za mvua bila kuguswa, kwa sababu joto lake lenyewe ndo linaikausha. Msimu wa unyevu mimi naweka taima iwake yenyewe saa kumi na moja alfajiri kwa saa moja na nusu, sauti sifuri, ung'aavu juu, wenyeji wakiikuta huko nje inawaka peke yake wananicheka. Kioo unakifuta na kitambaa laini chenye unyevu kidogo, karibu na bahari kila wiki, maji unayaweka kwenye kitambaa, hupulizii kioo maana yanatiririka mpaka kwenye fremu ya chini ambako ndo kebo bapa zilipo.

Dalili za mwanzo siyo kwenye picha. Utaona HDMI inapotea mpaka uisukumesukume, au rimoti inasikia mara ya tatu. Hapo zima, chomoa kwenye umeme, toa kebo uangalie ncha zake kwa tochi. Zikiwa zinang'aa, badilisha kebo tu uendelee. Ukiona kijani au weupe kama unga, ishushe TV uipeleke chumba kikavu siku mbili bila kuiwasha halafu fundi aifungue asafishe bodi, kazi hiyo ikifanywa mapema ni ndogo, ukisubiri mpaka mistari ianze kwenye kioo hakuna cha kusafisha tena, kioo kipya bei yake inakaribia TV nzima.